Mstari Usio na Mkaa

"Nani kakutuma upake rangi?"

Brashi, fundi rangi, alikuwa amesimama mlangoni na tabasamu lake lote, mikono nyuma kama mtoto aliyeficha zawadi. Tabasamu likaanza kuyeyuka.

"Karibu nyumbani, mpenzi."

"Nimekuuliza. Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nimepaka mwenyewe. Nilitaka ukifika ukute nyumba inang'aa."

Msanii akaliachia begi likaanguka sakafuni. Akaufuata ukuta wa sebuleni na kuugusa kwa kiganja. Mweupe pee, kutoka sakafuni hadi darini. Kiganja kikarudi na unga mweupe.

Ukuta wenyewe ulikuwa na habari yake. Nyumba hii iko bondeni, na kila masika mto ulio nyuma ya uzio huja kusalimia bila kupiga hodi. Wengine maji yakishuka huosha kuta zao wakasahau. Marehemu mama yake Msanii hakutaka kusikia habari ya kuosha. Maji yakishashuka, alichukua msumari mrefu uliokuwa ukining'inia kwa uzi kando ya dirisha, akakwaruza mstari pale yalipofika, kisha akasugua mkaa ndani ya mkwaruzo mpaka ukawa mweusi. Halafu akaupa mwaka jina. Mwaka wa kuku kuogelea. Mwaka wa jino la mbele. Mwaka wa baba kuondoka. Hakuandika majina hayo popote. Aliyataja tu, na mwanawe akayashika kama watoto wanavyoshika nyimbo.

Mtoto huyo alipokua akaenda mbali, akawa msanii wa zile kazi ambazo hazitundikwi ukutani, bali unaingia ndani yake kama unavyoingia chumbani. Sasa alikuwa amerudi kuifanya sebule ya mama yake kuwa kazi ya namna hiyo. Viti, masufuria na viatu vya zamani vingening'inia kwa nyaya nyembamba, kila kimoja kwenye kimo cha mstari wake, kama vinavyoelea. Kona moja ingekuwa kiangazi, na udongo uliopasuka. Kwingine kote masika. Wageni walishaalikwa kwa Jumamosi. Na Jumamosi ya pili yake, bibi na bwana hawa walikuwa wafunge ndoa.

"Brashi, ukuta huu ndio kazi yangu! Kwenye simu nimekwambia mara ngapi?"

"Uliniambia maonyesho ya mvua. Nikadhani vitu unakuja navyo wewe. Bibi harusi atarudi vipi kwenye nyumba yenye madoa ya tope?"

Uongo huo ulikuwa na mguu mmoja wa ukweli, ndiyo maana ulisimama.

Msanii akamtazama. Shati la kazi lenye madoa ya rangi za nyumba za watu wote wa mji ule, kope zenye chokaa. Hasira ikamponyoka, akacheka.

"Wenzako huleta maua. Wewe umeniletea ndoo ya chokaa."

"Maua yananyauka."

"Ni chokaa tupu? Hukuchanganya kitu?"

"Chokaa na maji."

"Basi inatoka. Lete brashi laini na ndoo mbili. Na usinune, mume wangu mtarajiwa. Umekosea kwa mapenzi."

Brashi akatoka nje kwenda kuchota maji. Hakuchota. Alisimama nyuma ya jiko akapiga simu kwa mama mdogo, yaani mdogo wake marehemu, aliyekuwa akiisimamia harusi kwa mkono wa chuma.

"Amefika?" sauti ya mama mdogo iliuliza.

"Amefika. Anaitoa."

"Anaitoa nini?"

"Chokaa. Anataka mistari yake."

Mama mdogo akashusha pumzi.

"Yote?"

"Nitamwambia aishie madirishani. Mama mdogo, kwa nini tusimwambie tu? Mficha maradhi, kifo kitamuumbua."

"Usiniletee methali, nami ninazo gunia zima. Niletee ndoa. Mkishaoana mtaambiana mkiwa mmoja. Sasa hivi utamvunja, na wewe utavunjika, na mimi nitabaki na gauni mkononi."

Brashi akazima simu. Ndipo akachota maji.

Walifanya kazi mchana kutwa bega kwa bega. Chokaa ilitoka taratibu, ikitiririka kwenye mikono yao kama maziwa, na mmoja mmoja mistari ikaanza kuchungulia.

"Mwaka wa kuku kuogelea!" Msanii alipiga kelele, akiwa amepiga magoti. "Ona! Huu nilikuwa mdogo, jogoo alipanda juu ya redio."

"Na huu?"

"Jino la mbele. Na huu hapa, ngoja, huu..." Akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. "Huu ni wa kwako."

"Wangu?"

"Mwaka wa fundi mchafu! Umesahau? Ulikuja kupaka dirisha, ukateleza kwenye tope ukaingia na ngazi yako mpaka sebuleni."

"Mama alinicheka masika mazima."

"Mimi sikukucheka."

"Wewe ulinipa taulo," alisema Brashi. "Na sijalirudisha."

Wakatazamana. Mapenzi bwana! Watu wawili wamelowa, wananuka chokaa, na dunia yote wanaiona imewatosha. Msanii akarudi ukutani na sauti yake ikashuka.

"Unajua kitu gani kinanipa moyo? Siku ile niliyokukubali, mama alinipigia."

Brashi ya Brashi ikasimama ukutani.

"Tulikuwa kwenye simu mimi na wewe, yake ikawa inaingia. Sikupokea. Nikasema nitampigia. Asubuhi mama mdogo akanipa habari kwamba amelala hakuamka. Nililia kwa ajili ya ile simu, we acha tu. Baadaye nikajiambia, moyo wa mama ulihisi. Alijua mwanawe anaposwa, akataka kunibariki kabla hajaenda kulala. Nimeandika hivyo kwenye bango la mlangoni. Kazi yote hii nimeijenga juu ya ile simu."

"Ni... ni maneno mazuri."

"Mbona umekuwa hivyo?"

"Chokaa imeniingia jichoni."

Msanii akavuta ngazi.

"Huko juu hakuna kitu," Brashi akasema haraka. "Mistari yote iko chini ya dirisha. Tupumzike."

"Nataka ukuta wote uwe wazi. Nusu nyeupe nusu kijivu itakuwa kama suruali iliyoishiwa kitambaa."

"Mpenzi, nimekwambia inatosha."

"Na mimi nimekwambia haitoshi. Shika ngazi."

Akapanda. Akasugua. Juu ya dirisha, karibu na dari, likatokea doa la kahawia, pana, limenyooka kutoka kona hadi kona. Halikuwa na mkwaruzo wala mkaa.

"Hili nini?"

"Tope."

"Naona ni tope. La mwaka gani?"

"Baada ya mazishi. Ilikuja mvua kubwa. Nyumba haikuwa na mtu."

Msanii akaliweka shavu lake kwenye doa lile, akalia polepole. "Mstari wa kwanza bila mama. Hakuna wa kuuchora, hakuna wa kuupa jina. Maskini ukuta."

Hapo Brashi alikuwa amepona. Angenyamaza tu, angekula harusi yake. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imebakiza upana wa brashi moja. Msanii alijifuta machozi, akatumbukiza brashi kwenye maji, akasafisha chini kidogo ya doa ili lipendeze. Vidole vyake vikagusa kitu. Akaparuza chokaa kwa kucha. Mkwaruzo mfupi. Chini yake mwingine. Chini ya huo, mwingine tena. Ilikuwa imepinda, imechorwa kwa haraka, mmoja juu ya mwingine kama vipandio vya ngazi, na yote haikuwa na mkaa.

"Brashi."

"Naam."

"Huu ni msumari wa mama."

Brashi aliikaza ngazi.

"Umesema nyumba haikuwa na mtu. Nani alikwaruza hapa?"

"Shuka kwanza, mpenzi."

"Sishuki! Mama alikuwa anasubiri maji yashuke ndipo achore. Mstari mmoja, mwaka mmoja. Hapa alikuwa anachora maji yanapanda! Alikuwa anayahesabu yanavyomfuata! Alisimama wapi kufika huku?"

Brashi aliiachia ngazi, akakaa chini kwenye maji ya chokaa.

"Juu ya meza," akasema.

"Ile meza ya kulia?"

"Ile."

"Hakufa kitandani."

"Hakufa kitandani."

Msanii akashuka. Akakaa kwenye kipandio cha chini.

"Niambie. Ukiruka neno moja nitajua."

"Ilikuwa jioni. Ukingo wa mto ulikatika huko juu, maji yakaja kwa mkupuo. Kabati la vyombo likaelea, likaziba mlango. Madirisha yana nondo. Akapanda mezani." Alijifuta pua kwa mkono mchafu. "Alinipigia simu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naongea na wewe."

Msanii aliiweka brashi chini.

"Ulikuwa umefika pale pa kunizungusha," Brashi akaendelea, "nikubali, nisikubali, ngoja nifikirie. Nikaiona simu ya mama inaingia. Nikasema moyoni, mama atanisubiri kidogo, leo nasikia neno nililolingoja maisha yangu yote. Ikakatika. Ndipo akajaribu kwako."

"Nikakwambia..."

"Ukaniambia, 'Mama anapiga. Nitampigia, kwanza tumalize letu.'"

"Na tukacheka."

"Tukacheka wote."

Ndoo ilikuwa inavuja mahali fulani. Msanii alitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Haikuwa baraka," alisema. "Alikuwa anaomba msaada."

"Ulivyokata, nilimpigia. Haipatikani. Nikakimbia, nikakuta daraja limefunikwa, nikazunguka kwa juu. Nilipofika... Mimi ndiye niliyemtoa. Msumari ulikuwa bado mkononi."

"Na mazishini mkaniweka kwa mama mdogo. Mkaniambia nyumba ya mama imefungwa, nisiione, nitaumia."

"Tulitaka usibebe ule mzigo. Ulikuwa umekubali siku ileile. Ningekwambiaje? Kwamba 'ndiyo' yako..."

"Usimalizie!"

Alisimama. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini, na ilitisha kuliko kelele.

"Masika mawili namlilia mwanamke aliyefia kitandani mwake. Hayupo mwanamke huyo, Brashi. Mmemtunga. Yule wa juu ya meza ndiye mama yangu, na mimi sijamlilia hata siku moja. Mlimnyima mtoto wake wa kumlilia."

"Nisamehe."

"Wewe ni fundi. Kwa nini hukupiga plasta ya skimu? Ungeukandika ukuta ukawa laini kama kioo, nisingejua mpaka naingia kaburini."

"Niliinunua. Mifuko iko stoo mpaka leo." Brashi alikuwa analia waziwazi. "Nilishindwa kuziba mikwaruzo yake. Nikapaka chokaa."

"Hata uongo wako umeshindwa kuumaliza. Toka."

"Mpenzi..."

"Toka nyumbani kwa mama yangu."

Jioni ile mama mdogo alifika akihema, gauni la harusi begani limefungwa kwenye nailoni.

"Mwanangu, aliyeamua ni mimi. Mpige mawe mama yako mdogo, yule kijana muache. Tulishazika mmoja, tungekwambia tungezika wawili."

"Mama mdogo, nawe ulilia uongo kwenye simu?"

"Nililia kweli. Uongo ulikuwa maneno tu."

"Nenda na gauni lako, mama. Siwezi kukutukana, na nikikutazama zaidi nitakutukana."

Usiku huo Msanii aliandika ujumbe mmoja kwa wote wawili: "Harusi haipo. Msiniulize."

Brashi alijibu: "Sawa. Nisamehe."

Kesho yake: "Meza usiinyanyue peke yako, mguu mmoja umelegea."

Keshokutwa: "Jumamosi nikija utanifukuza?"

Zote alizisoma. Hakujibu hata moja. Na mratibu wa maonyesho naye alituma: "Wageni wote wamethibitisha. Vipi, ukuta uko tayari?" Huyo akamjibu: "Uko tayari. Mimi ndiye nisiye tayari."

Jumamosi ikafika na mawingu yake. Wageni waliingia wakiinamisha vichwa kati ya viti vinavyoning'inia, masufuria, viatu vya mtoto, redio ya jogoo. Juu yao makopo yaliyotobolewa yalidondosha maji kwenye ndoo, tone moja, tone jingine. Walinong'ona kwamba ni nzuri, kwamba inawakumbusha kwao. Bango la mlangoni halikuwepo. Meza ya kulia haikuning'inia. Ilisimama sakafuni, chini ya mikwaruzo, na hakuna aliyeambiwa asiiguse lakini hakuna aliyeigusa.

Mratibu akamwomba aseme neno. Msanii alikuwa amepauka.

"Nilitaka kuwaeleza habari za kurudi nyumbani," alisema. "Nilikuwa na hadithi nzuri ya simu ya mama. Haikuwa ya kweli. Mama yangu alikufa maji, hapo mlipoikwepa hiyo meza. Alinipigia na sikupokea, kwa sababu nilikuwa na furaha. Kazi yangu ni hiyo. Asanteni kwa kuja."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mdogo, nyuma kabisa, alijifunika uso kwa mtandio. Na kabla watu hawajajua waseme nini, mvua yenyewe ikaanza, ile ya kweli, ikayanyamazisha makopo.

"Jamani, magari!" mratibu alipaza sauti. "Barabara ya bondeni haichelewi kujifunga!"

Kufumba na kufumbua sebule ikabaki tupu. Mama mdogo alimvuta Msanii mkono, naye akamkatalia.

"Tangulia, mama. Nafunga vitu nakuja."

Hakuwa anafunga kitu. Alitaka kuitoa meza, ameshaishika ncha moja, nyingine inamgomea, mguu uliolegea unakwaruza sakafu. Akaona ulimi wa maji ya kahawia unaingia chini ya mlango, unagusa viatu vyake.

Alitoa simu. Kidole kilisita. Hasira yake ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe. Lakini jina lililokuja lilikuwa moja tu.

Haikumaliza mlio wa kwanza.

"Umepokea," alisema Msanii.

"Nimepokea."

"Maji yameingia."

"Nakuja. Usikate."

"Sikati."

"Uko wapi hapo?"

"Kwenye meza."

"Ondoka kwenye meza! Kaa mlangoni, mlango wazi, shika fremu. Niko uzioni."

"Uzioni? Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Ulinisoma hukunijibu, nikasema nisiingie, lakini na kuondoka nikashindwa."

Akaingia na ngazi begani, maji yanamfika vifundoni, simu bado sikioni. Msanii naye hakuishusha yake. Walisimama hatua moja mmoja na mwenzake, wanasikilizana pumzi mara mbili, ana kwa ana na simuni.

"Sasa unaweza kukata," Brashi akasema.

"Kata wewe."

Hakukata. Aliiweka simu mfuko wa shati ikiwa hewani, wakanyanyua meza, mmoja huku mmoja kule, wakaipandisha hadi barazani kwa jirani wa juu.

Safari hii mto haukuwa na hasira. Maji yalifika magotini kwenye ukuta, yakafikiria, yakaanza kurudi. Asubuhi yalibaki matope tu. Msanii alichukua mkaa mkavu jikoni kwa jirani, akarudi sebuleni. Brashi alikuwa anakokota tope kwa ufagio.

"Mstari wa leo uko wapi?" akauliza. "Nikuletee msumari?"

"Wa leo utasubiri. Simamisha ngazi."

Alipanda mpaka juu. Akaanza na mkwaruzo wa chini kabisa, akausugua mkaa mpaka ukawa mweusi. Kisha uliofuata. Alikuwa analia kwa sauti, kilio kile ambacho hakukilia mazishini, na hakujificha. Brashi alisimama chini na vumbi jeusi likimwangukia usoni. Mkwaruzo wa mwisho ulipojaa, Msanii aliegemeza paji la uso ukutani.

"Mwaka wa simu," alisema.

Brashi alijifuta vumbi la mkaa usoni.

"Umenisamehe?" Brashi aliuliza.

"Bado."

"Na harusi?"

"Sijasema harusi. Wala sijasema uondoke."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Shika ngazi. Nashuka."

Akaishika kwa mikono yote miwili.